Chumvi ya Mlima wa Baba

Ubao wenyewe ulikuwa wa mbao, umepakwa rangi ya kijani, na maandishi ya manjano yakitukaribisha mlimani. Juu ya maandishi walikuwa wamechora mlima wenye kilemba cheupe. Nyuma ya ubao hapakuwa na mlima wowote. Palikuwa na miti mirefu, na juu ya miti wingu la kijivu limekaa zito kama blanketi lililolowa.

"Ayeeyo, sogea kushoto kidogo, umeziba maandishi," akasema Jawahir huku ameinua simu.

Ayeeyo ni bibi, na Jawahir huniita hivyo ingawa si mjukuu wangu. Ni msichana wa shirika lililotutoa Garissa, wanawake kumi na mmoja wauza maziwa ya ngamia, tuje tujifunze kwa watu wa ng'ombe namna wanavyohifadhi maziwa yao. Tulikuwa tumemaliza siku mbili za semina kule Nyeri, ndani ya ukumbi ambao mapazia yake yalifungwa kutwa ili picha za ng'ombe zionekane vizuri ukutani. Asubuhi zote mbili ilinyesha. Mimi nilivumilia kwa sababu karatasi ya programu ilisema, siku ya tatu, kutembelea mlima.

"Mlima uko wapi?" nikamwuliza.

"Si ndio huu?"

"Huo ni mchoro. Mchoro niliuona darasa la sita."

Wenzangu wakacheka. Jawahir naye akacheka, akapiga picha, akatazama saa. "Haya akina mama, tumefika, tumeona, gari linatoka. Lazima tulale Mwingi."

Tumeona. Neno hilo lilinipanda kichwani. Ningesema, "Nimekwenda mlimani," na mtu angeniuliza, "Uliona nini?" nami ningejibu nimeona mbao.

Afadhali nieleze kwa nini, maana mtu anaweza kudhani nilikuwa bibi mkaidi anayetaka kupendezwa na mandhari.

Baba yangu, Gelle, alikuwa akiswaga ng'ombe wa kuuza kutoka kwetu Habaswein hadi Isiolo, kwa miguu, siku nyingi. Mara ya kwanza alipofika Isiolo aliamka asubuhi akauona mlima kwa mbali, na juu yake weupe. Baba alikuwa mtu wa ngamia. Kitu cheupe kilicholala juu ya ardhi alikijua kimoja tu, nacho ni chumvi, ile inayotanda chini ambako ngamia hupelekwa wakalambe ili wanenepe. Akarudi nyumbani na bonge la chumvi kubwa kama ngumi mbili, akaliweka mbele ya wazee, akaapa kwamba kuna mlima ambao Mungu ameuvika chumvi, na kwamba siku moja atapeleka ngamia wake huko. Wazee wakalilamba bonge wakasema mashallah.

Mimi wakati huo nilikuwa msichana peke yangu darasani, darasa la sita. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa mtu wa Machakos, mwembamba, mwenye koti moja. Akatufungulia kitabu, ukurasa wa arobaini na moja, akasema ule weupe ni maji yaliyoganda kwa baridi, ni theluji, na ya zamani imekuwa barafu ngumu kama jiwe. Nilirudi nyumbani mbio. Nikamkuta baba ameketi na wafanyabiashara watano wa ng'ombe, wanakunywa chai, naye anawasimulia tena mlima wa chumvi. Nikasimama mlangoni na daftari langu nikasema, "Aabo, si chumvi. Mwalimu amesema ni maji."

Wale watu walicheka. Hawakunicheka mimi.

Baba hakunipiga. Alisema tu, "Shule inamfundisha mtoto kumwita baba yake mwongo." Kesho yake nilikuwa nyuma ya mbuzi. Sikurudi tena darasani. Daftari lile dada yangu Kaaha alifungia sukari, karatasi moja moja.

Kaaha ni mkubwa wangu kwa miaka sita. Hakusoma. Alishika upande wa baba siku ile na hakuuachia tena. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyerithi lile bonge la chumvi, akaliweka kwenye kopo la maziwa ya unga, na kila mwaka nikienda Habaswein kumsalimia hulitoa.

"Walaal," huniambia, yaani ndugu yangu, "ushahidi wangu huu hapa. Wako uko wapi?"

"Mwalimu alisema."

"Mwalimu alipanda? Alishika?"

"Kaaha, ni barafu. Barafu unaijua, tunatia kwenye maziwa."

"Barafu naijua. Barafu inataka stima. Nani amepeleka stima juu ya mlima? Serikali? Hapa Habaswein tu inakatika kila siku."

Watoto wake hugalagala kwa kicheko. Nami hucheka, lakini wallahi kicheko hicho hakikuwahi kushuka chini ya koo. Yeye alikuwa akicheza. Mimi nilikuwa nimepoteza darasa la saba na yote ambayo yangefuata, kwa kusema kweli, na miaka hamsini na tatu baadaye bado nilikuwa mwongo katika nyumba ya baba yangu. Sasa Kaaha amevunjika nyonga, halali vizuri, na kila nikipiga simu binti yake Samsam ananiambia, habaryar, yaani mama mdogo, usichelewe kuja. Nilitaka kuuona ule weupe kwa macho yangu na kumpelekea dada yangu ushahidi akiwa bado na ulimi wa kubisha. Basi nisimamishwe mbele ya ubao?

Pale kwenye geti la mlima palikuwa na nyumba ya wageni ya kanisa, na mama wa jikoni, Nyawira, alikuwa ametupikia wali na mayai kwa sababu tulimwambia nyama yao hatutakula bila kumjua aliyechinja. Hakununa. Wenzangu walipokuwa wanajipanga kwa picha ya pili nilimfuata kwenye sufuria zake.

"Mama, huu mlima huwa unaonekana?"

"Kila siku," akasema. "Lakini asubuhi. Jua likichomoza unauona wote. Ikifika saa tatu unavaa nguo zake. Watu wanaokuja saa saba hawauoni ng'o, kila siku nawaambia."

"Uliwaambia hata hawa wetu?"

"Niliongea na yule msichana kwa simu wiki iliyopita. Akasema ratiba imeshapitishwa na ofisi."

Nilirudi kwa Jawahir polepole. Nikamwuliza kama alijua. Uso wake ukawa wa mtoto aliyekutwa na mkono kwenye sukari.

"Ayeeyo, ratiba si yangu. Tunatakiwa tu picha ya mlimani, basi. Ofisi inataka picha."

"Ofisi inataka picha ya ubao?"

"Ubao umeandikwa mlima."

"Na wewe ukiandikwa ngamia tukukamue?"

Fatumo, mwenyekiti wetu, akajifunika mdomo kwa shela. Jawahir akaguna, akasema kwa ile Sheng yao ya Nairobi, "Eedo Fatumo, mwambie aingie gari, stori ni mob na muda hatuna." Hata heshima alinivua, akamwita mwingine shangazi ili yeye aniambie, kama vile mimi ni mzigo usio na masikio.

Sikubishana. Mtu aliyekamua ngamia maisha yake yote hajui kuharakisha. Ngamia hatoi maziwa kwa sababu wewe una ratiba. Unasimama kwa mguu mmoja, chombo juu ya goti, unaimba, unangoja. Ukimkasirikia anafunga. Nikasema tu, "Adhuhuri imeingia. Naswali kwanza."

Hilo hakuna anayeweza kulikataa. Jawahir akakubali kwa kichwa. Nikaomba maji. Nyawira akaniletea birika. Nikatawadha kama mama yangu alivyonifundisha, kila kidole na ncha yake, kila kisigino. Nikamwuliza Nyawira kaskazini, kiliko kibla, ni wapi, nikamwuliza tena nihakikishe. Nikatandika mkeka.

"Ayeeyo," Jawahir akasema kwa sauti laini, "wewe ni msafiri. Msafiri anapunguza, anaswali rakaa mbili."

"Hiyo ni ruhusa, si amri," nikamwambia. "Leo nina nguvu."

Nikaswali nne. Nikaongeza sunna. Nikakaa juu ya mkeka na tasbihi, nikawataja marehemu wetu mmoja mmoja, na sisi ni ukoo mkubwa. Sikumdanganya Mungu, hakuna dua hata moja ambayo sikuihitaji. Fatumo naye akakumbuka kwamba hajatawadha. Akafuata mwingine, na birika lilikuwa moja. Wale wanawake wananijua. Hakuna aliyenipa jicho, lakini sijapata kuona vidole vikioshwa taratibu namna ile.

Saa nane ikapita. Saa tisa. Jawahir alikuwa anazunguka basi na simu sikioni, akiwaambia watu wa ofisi, "Wanaswali. Ndiyo, bado. Sasa niwaambie waache kuswali?"

Ilipofika saa tisa na nusu, Liban, dereva wetu, kijana wa mtaa wetu wa Bulla Iftin ambaye nilimjua tangu akiwa anapanda punda wa maji, alishuka akanyoosha mgongo.

"Dada Jawahir," akasema, "sasa hivi tukiondoka giza linatukuta kabla ya Mwingi. Mimi na akina mama kumi na mmoja gizani, sitaki. Vile tulivyoshushwa kwenye kizuizi tukija, kitambulisho, mfuko, kitambulisho tena, hiyo usiku ni mara tatu."

Ni kweli. Tulipovuka daraja la Tana, abiria wote tulishushwa tukapanga mstari juani, mimi na magoti yangu, kijana mwenye bunduki akageuza kitambulisho changu mbele na nyuma akaniuliza nilizaliwa wapi, kana kwamba hakijaandikwa. Nilimwambia. Akaniuliza naenda wapi. Nikasema mlimani. Akasema, "Wewe? Kufanya nini?" Nchi ni yangu, mlima umo katika nchi yangu, umo katika jina la nchi yangu, na bado naulizwa kufanya nini.

Basi tukalala. Nyumba ya kanisa ilikuwa na vitanda ishirini vya kwaya, na Nyawira alitandika kumi na viwili huku akinitazama kwa pembeni. "Mama," akaninong'oneza, "nyinyi huwa mnaswali hivyo kila siku?"

"Siku za mawingu," nikamwambia.

Niliamka kabla ya alfajiri. Baridi ya kule ina meno. Nilivaa shela tatu na koti la Nyawira lenye harufu ya moshi, nikaswali, rakaa mbili kama kawaida, kisha nikatoka nyuma ya jiko nikageuza kreti ya soda nikakaa.

Kwanza mlima ulikuwa mweusi. Jua lilikuwa nyuma yake, na nilichoona ni umbo tu, meno ya ngamia mzee, mengine marefu mengine yamevunjika. Nikangoja. Nyawira akaniletea chai, akasimama karibu nami na mikono ndani ya aproni. Kukapambazuka polepole, jiwe likawa la kijivu, likawa la bluu, mabonde yakaonekana.

Na weupe ukaonekana.

Nitasema jinsi ulivyokuwa. Kwenye kitabu, ukurasa wa arobaini na moja, ulikuwa kilemba kizima kinachofika masikioni. Pale mbele yangu palikuwa na kiraka. Kimoja kikubwa kidogo, na vingine viwili vitatu vimechomekwa kati ya mawe, kama mabaki ya maziwa kwenye kibuyu kilichokwisha kumiminwa.

"Ni huo tu?" nikamwuliza Nyawira.

"Ni huo tu. Mimi nikiwa mdogo ulishuka mpaka pale, unaona lile bega? Bibi yangu alikuwa akitutishia nao. Sasa kila mwaka unapungua. Watu wa vipimo huja, wanasema haitachukua muda."

"Nani ameumaliza?"

"Joto."

Joto nalijua, mimi linanikalia kila siku. Ngamia wangu wanne walikufa ukame uliopita. Kumbe lilikuwa limepanda na huku, kimyakimya, likila kitu nilichoahidiwa, huku mimi niko sokoni Garissa nangoja zamu yangu. Miaka hamsini na tatu nilikuwa na haki juu ya ule weupe. Nilikuja na watu wakataka kunionyesha ubao, na lau ningekubali ubao, pengine mjukuu wangu angekuja akakuta hata kiraka hakipo. Nilihisi kama mtu aliyealikwa karamu akafika watu wanaosha sufuria.

Wenzangu wakatoka mmoja mmoja, wamejifunga blanketi za kwaya. Jawahir akasimama mwisho, bila simu mkononi.

"Sikujua uko hivi," akasema.

"Utajuaje na mapazia yamefungwa," nikamwambia, lakini nilimpa nusu ya chai yangu.

Bado sikuwa na ushahidi. Picha Kaaha angeicheka. Kwenye picha chumvi na barafu ni ndugu. Nikamwuliza Nyawira kama kuna anayeweza kunishushia kipande. Akasema kufika kule ni siku tatu, na hata kipande kikishuka kitafika maji.

"Maji yake yanakwenda wapi?"

Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya bustani ya kabichi. Kulikuwa na kijito kinapita juu ya mawe, chembamba, chenye kelele. "Kinatoka kule kule juu," akasema. "Tunachopikia ni hicho."

Nilipiga magoti. Mtu wa kwetu hata asiyejua kusoma anajua visima: hiki chungu, hiki cha chumvi kinafaa ngamia tu, hiki kitamu weka kwa watoto. Wanajua hivyo kwa ulimi, na Kaaha katika hilo ni hakimu. Aliwahi kuonjeshwa maji ya visima vitano amefumba macho akavitaja vyote. Nikateka kwa kiganja nikanywa. Baridi iliniuma jino moja nililobakiza upande wa kushoto. Maji yalikuwa matamu, hayana hata dalili ya chumvi.

Mlima wa chumvi hautoi maji matamu. Nilijaza galoni langu la manjano la lita tano, lile la maziwa, nililolisugua mara tatu kwa majivu.

Wiki mbili baadaye nilipanda basi la Habaswein na galoni katikati ya miguu. Kaaha alikuwa kitandani karibu na mlango, amekonda, ila macho ni yale yale.

"Umefika mlimani?"

"Nimefika. Walitaka kunionyesha mbao."

Nikamsimulia. Akacheka pale kwenye rakaa nne mpaka akashika nyonga. Kisha nikamimina maji katika kikombe nikampa. Aliyanusa, akayashika mdomoni kwa muda, akayameza. Samsam, binti yake, alikuwa anatutazama kutoka mlango wa jikoni na mwiko mkononi.

"Tamu," akasema Kaaha.

"Yanatoka kwenye ule weupe."

"Tamu sana."

"Sasa sema."

Alitazama kikombe. "Walaal, baba alijua," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Safari iliyofuata, Isiolo, Mmeru mmoja sokoni alimwambia ni barafu. Akamcheka vibaya. Na lile bonge alilinunua dukani, Isiolo hiyo hiyo. Aliniambia akiwa mgonjwa, siku za mwisho. Akasema, mwambie mdogo wako Sahara nikishaondoka."

"Safari iliyofuata," nikasema. "Kaaha, hiyo ilikuwa mwezi mmoja baadaye. Mwalimu alikuwa bado anakuja kuniulizia."

"Alikuwa ameapa mbele ya wanaume watano. Angewaambia nini?"

"Na wewe? Yeye kafa miaka thelathini na tano. Wewe uliapa mbele ya nani?"

Samsam alirudi jikoni bila sauti.

"Mwanzo nilisema, ana watoto saba na maziwa ya kuuza, nikimwambia atafanya nini nalo?" akasema Kaaha. "Baadaye nikaona kila mwaka unakuja kunibishia. Akina dada wengine huja mara moja, kwenye msiba. Nikasema, akishinda, atakuja kufanya nini?"

Nilisimama. Nilifunga shela. Nilitaka kumwambia mambo mengi, na nitayasema, sijasamehe, baba simsamehe leo na yeye simsamehe leo, na Mungu anajua nina haki. Nilifika hadi mlangoni. Nje palikuwa na lori la maji limesimama na wanawake wamepanga mitungi kwenye jua, na basi la kurudi Garissa lilikuwa limekwisha kwenda.

Nyuma yangu nikasikia maji yakimiminwa. Nikageuka. Kaaha alikuwa amejiinua kwa kiwiko, anaegemeza galoni langu kwenye birika la chai lililokuwa kwenye jiko la makaa kando ya kitanda. Mlima wangu, miaka hamsini na tatu, unaingia kwenye chai.

"Unafanya nini? Huo ni ushahidi."

"Kesi si imekwisha?" akasema. "Kaa."

Nilikaa, kwa sababu ya magoti. Akatia majani, akatia iliki, akanimiminia. Nilikunywa nimegeuza uso ukutani. Nikamwambia sukari ni kidogo.

Akanyoosha mkono chini ya kitanda, akatoa lile kopo la maziwa ya unga, akalisukuma kwangu.

"Hiyo ni yako," akasema. "Lamba."